Mhariri, sanduku lenu la imeili limejaa

Ndugu Mhariri,

Naomba nafasi kwenye ukurasa wako wa barua. Ni ndefu kidogo, kama ni lazima kukata kateni, ila msiguse pale ninapoongelea jina la nani linaandikwa kwenye umiliki wa domeini, yaani jina la biashara mtandaoni, lile linaloishia dot com au dot co dot tz, hapo ndo penye shida yenyewe.

Wiki mbili zilizopita niliwaandikia kuhusu kitu kingine kabisa, vumbi la barabara ya huku kwetu, nikatuma kwa ile anwani ya imeili mnayoichapa chini ya ukurasa, ile ya bure isiyo na jina la tovuti yenu. Dakika haikuisha ikarudi, inasema sanduku la mpokeaji limejaa. Kesho yake nikajaribu tena, vilevile. Nikacheka peke yangu ofisini, afu kicheko kikakata maana nilikumbuka yaliyonikuta mimi na anwani ya bure, nikaona basi vumbi lisubiri, ngoja niandike hili kwa kalamu na karatasi nimpe muuza magazeti wa stendi ya Moshi awafikishie kupitia wakala wenu.

Mimi na mke wangu tuna kikampuni cha kupandisha wageni Kilimanjaro. Nilianza upagazi, nikawa mpishi, nikawa mwongoza wageni, ndo tukafungua cha kwetu. Mwaka 2009 nikiwa bado naongoza wageni wa watu, mgeni mmoja akaniambia nipe imeili yako nikuletee marafiki zangu, sina, nikaenda internet kafe moja pale Double Road, kijana akanifungulia kwa shilingi mia tano pamoja na somo la jinsi ya kubonyeza tuma. Jina akaandika yeye. Akaandika kilimajaro. Bila n. Akaunganisha na jina la ukoo wetu na 2009 kwa nyuma. Mimi wala sikuona, nilikuwa nashangaa vidole vyake vinavyoruka, nimekuja kugundua miezi mitatu baadae na hapo nimeshachapisha bizinesi kadi mia mbili. Waliokopi kadi kama ilivyo walinipata. Wale wanaojua kuandika Kilimanjaro vizuri, barua zao sijui zilikwenda kwa nani, na sijui ni wageni wangapi walipotelea kwenye hiyo herufi moja.

Tukaishi na hiyo anwani miaka 14. Iko kwenye vibali, iko benki, iko kwenye gari, iko mgongoni kwa wapagazi. Kuibadilisha kila mwaka tunasema mwakani.

Sasa sikilizeni ilivyotokea. Mnakumbuka mwezi wa kwanza 2020, laini zisizosajiliwa kwa alama za vidole zilivyoanza kuzimwa, mwisho ulikuwa tarehe 20 Januari baada ya kusogezwa kutoka Desemba. Namba yangu ya NIDA, ya kitambulisho cha taifa, ilikuwa haijatoka, laini yangu moja ikazimwa, nikasema potelea mbali, nikawa natumia ya mke wangu. Nilichosahau ni kwamba ile iliyokufa ndo niliyoiandika kwenye imeili kama namba ya kurudishia akaunti. Afu ikaja Korona, wageni hamna, ndege hamna, nani atakumbuka mambo ya namba.

Septemba 2023, msimu umechanganya, nikaibiwa simu stendi ya Arusha. Nikanunua nyingine, nikaandika imeili, nikaandika nywila, nywila sahihi kabisa, bado ikakataa, kwamba hiki kifaa hatukijui, tumetuma namba ya kuthibitisha kwenye simu inayoishia na tarakimu hizi hapa. Tarakimu za laini iliyokufa. Nikatafuta pa kupiga, hamna pa kupiga. Kampuni yenyewe sitaitaja maana kwa hilo zote zinafanana, hakuna dirisha la kwenda kusimama na kitambulisho mkononi ukasema ndugu zangu ni mimi. Kuna fomu, unaijaza, inajibiwa na mashine kwamba hatujaridhika kuwa wewe ni wewe.

Nikapata akili ya kupiga ile namba yangu ya zamani. Ikaita! Unajua namba ikikaa sana bila kutumika mtandao wanampa mtu mwingine. Akapokea mama mmoja, sauti ya utu uzima, nyuma yake nasikia kuku. Shikamoo mama. Marahaba baba, nani mwenzangu? Nikajieleza, nikasema mama namba hii zamani ilikuwa yangu, itaingia meseji moja hapo ina tarakimu sita, naomba tu unisomee. Kimya. Kuku wanaendelea. Afu mama akasema, kwa upole kabisa, "Na ile hela nitume kwenye namba hii?" Akakata. Nikapiga tena akapokea kijana, nadhani mwanae, aliyoyasema huyo hayaandikiki gazetini.

Na yule mama alikuwa sahihi jamani! Kila siku tunaambiwa usimsomee mtu usiyemjua namba iliyokuja kwenye simu yako. Alifanya alichotakiwa kufanya, mimi ndo nilikuwa tapeli bila kujua.

Siku kumi na moja tulikaa nje ya imeili yetu. Ndani kuna kikundi cha wageni wanne wanakuja, wameshalipa nusu, tarehe na ndege viko humo humo kwenye imeili, mimi nakumbuka tu ni wiki ile na wanakuja na KLM. Basi nikaenda uwanja wa ndege, KIA, usiku tatu mfululizo nimeshika kibao cha jina, ndege inatua, watu wanatoka, nanyoosha kibao, wanapita. Usiku wa tatu wakatoka. Yule mama mkubwa wao akasema tulikuandikia mara tano mbona hujibu, nikamwambia mtandao huku kwetu unasumbua, nikausingizia mtandao wa watu bure.

Aliyetuokoa ni mke wangu. Alikumbuka laptopu yake ya zamani iko kabatini, betri imekufa, inawaka kwa waya tu. Tukaichomeka, tukaiwasha, ikachukua muda wake, na imeili ikafunguka yenyewe kwa sababu haikuwahi kutolewa humo. Kipindi hicho mgao wa umeme umeanza, na sisi tunajua waya ukipoteza umeme tu laptopu inazima na hatujui ikiwaka tena itakuwa na moyo gani, nilikuwa nachapa huku natetemeka, nabadilisha namba ya simu, naongeza ya mke wangu, nakopi majina ya wageni kwenye daftari. Saa moja na nusu. Umeme ukakatika tukiwa tumeshamaliza, mke wangu akasema haya, sasa hiyo mwakani yako imefika.

Mtu atasema si ungekuwa na domeini yako mwenyewe, jina lako, hayo yasingekukuta. Domeini nilikuwa nayo! Na hapa ndo pale nilipowaomba msipaguse.

Mwaka 2017 kijana mmoja, mtoto wa jirani, mwenye adabu zake, alitutengenezea tovuti. Dot com safi, jina letu lina n yake, picha ya mimi kileleni nimeshika bendera, tukamlipa laki tatu na nusu. Imeili tukaendelea na ile ya bure kwa sababu ndo tuliyoizoea, kosa la kwanza. 2019 siku moja mgeni ananiambia tovuti yenu inauza viatu. Nikafungua, kweli, viatu, kwa lugha ambayo mpaka leo sijui ni ya wapi. Kumpigia kijana, hapatikani, ameshaondoka nchini kwenda kusoma. Tulikuja kuelewa baadae kwamba siku anainunua ile domeini alijaza fomu kwa jina lake, imeili yake, kadi yake. Hakutuibia, alijaza kilichokuwa karibu na mkono wake, na sisi hatukuuliza. Kwa hiyo taarifa za kwamba jina linaisha muda zilikuwa zinaenda kwake kwenye boksi ambalo hafungui.

Na dot com ikiisha muda haiondoki siku hiyo hiyo, hilo ndo linaniumaga. Aliyekuuzia anaweza kukuvumilia mpaka siku 45, afu kuna siku 30 za kuikomboa kwa faini, afu siku 5 za mwisho ndo inarudi sokoni anayeitaka aichukue. Yaani kulikuwa na wiki na wiki za kuokoa jina letu kwa hela ya kawaida tu, ila hakuna aliyetuambia sababu kwa maandishi halikuwa letu. Ningeenda kudai kwa karatasi gani? Risiti ya laki tatu na nusu imeandikwa "kutengeneza website".

Nenda leo kamuulize mwenye gesti, mwenye shule, mwenye duka la dawa, domeini yenu imeandikwa jina la nani. Atakwambia ya kwetu bwana. Mwambie ifungue tuione unapoingilia kuilipia. Utamuona anatafuta simu ampigie fundi. Mimi nimefanya huo mchezo na wenzangu kadhaa hapa Moshi, wengi wanaishia kwenye kumpigia fundi, na mmoja fundi wake alishafariki Mungu amrehemu, na hakuna anayejua nywila. Nyumba usingekubali hati iandikwe jina la fundi mwashi eti kwa sababu yeye ndo aliyejenga.

Basi safari ya pili nilikwenda mwenyewe. Nikaamua dot co dot tz. Hizi za tz siku hizi ziko chini ya TCRA, mamlaka ya mawasiliano, ila hununui kwao moja kwa moja, unanunua kwa wauzaji waliosajiliwa, na ziko za kila namna, co.tz ya biashara, or.tz ya mashirika, sc.tz ya shule, ac.tz ya vyuo, hata hotel.tz ipo, na me.tz kwa mtu binafsi. Kwa mwaka haikufika elfu 30. Fomu nikaijaza kwa mkono wangu polepole, mwenye jina ni kampuni yetu kama ilivyosajiliwa BRELA, kwa wasajili wa makampuni, simu ni yangu iliyosajiliwa kwa NIDA yangu, maana ilitoka hatimaye.

Kitu kimoja nilikaribia kukosea hapo. Pale wanapouliza imeili ya mwenye domeini nilitaka kuandika hiyo hiyo mpya ninayoitengeneza, naona fahari. Kijana niliyekuwa nimemlipa elfu ishirini anikalie pembeni tu, mikono mfukoni, akasema mzee hapana, siku domeini ikilala na imeili yake inalala, hiyo taarifa ya kukwambia imelala utaipokelea wapi? Kweli kabisa. Nikaandika ile ya zamani ya bure, isiyo na n. Kwa hiyo anwani iliyonifungia nje ndo leo inashika ufunguo wa akiba, na sioni aibu, kwa kazi hiyo inafaa.

Wengi hawajui, na mimi sikujua, kwamba domeini na boksi la imeili ni vitu viwili. Domeini ni jina tu. Boksi linakaa kwenye seva, yaani kompyuta kubwa, ya kampuni fulani, unaweza kuchagua Google hao hao, Microsoft, Zoho, Proton ya Uswisi, au watoa huduma wa hapa hapa nchini. Kinachounganisha ni maandishi fulani yanaitwa rekodi ya MX. Chukulia kama kibao cha stendi, kimeandikwa Rombo, kinakuonyesha mabasi ya Rombo leo yanapakilia wapi. Stendi ikihama, kibao kinahamishwa, abiria anaendelea kusema naenda Rombo. Sisi tulianza na mtoa huduma mmoja wa bei rahisi, boksi zetu ziko kwenye seva moja na tovuti za watu kibao, mmoja wao huko akawa anatuma takataka, seva nzima ikaingia kwenye orodha ya wachafu na invoisi zetu zikawa hazifiki. Tukahama. Nilibadilisha kibao Ijumaa jioni, boksi la kule la zamani nikaliacha wazi siku mbili tatu kwa sababu mabadiliko hayaenei dunia nzima kwa wakati mmoja, barua nyingine bado zinafika kule, nikazikusanya, Jumatatu kazi inaendelea. Hakuna mgeni hata mmoja aliyejua kama tumehama. Kwa anwani ya bure hilo haliwezekani, kule ukihama kampuni na anwani unaiacha.

Kuna rekodi nyingine mbili tatu, SPF, DKIM na DMARC. Sitajifanya nazielewa mpaka kwenye mifupa, ninachojua ni hiki, SPF inataja seva zipi zinaruhusiwa kutuma kwa jina lako, DKIM inagonga muhuri kwenye kila barua, DMARC inamwambia anayepokea afanye nini na barua isiyo na hivyo viwili. Toka Februari 2024 Google na Yahoo wamekaza, hasa kwa wanaotuma kwa maelfu kwa siku, lakini hata mdogo kama mimi bila hizo anaishia kwenye spamu, lile boksi la takataka. Nimeishia huko, ndo maana najua. Mtoa huduma anakupa maandishi ya kubandika, unakopi unabandika unasubiri. Ukimwona fundi anakwambia imeili tayari, muulize SPF na DKIM ziko wapi, akikuangalia kama umetukana, tafuta mwingine.

Mambo ya kompyuta yaliisha siku mbili. Watu ndo wamechukua mwaka.

Kosa nililofanya, niliwaandikia wageni wote kutoka kwenye anwani mpya, kwa furaha, kwamba tumehama na invoisi ya safari hii hapa. Fikiria wewe ni mzee wa Ujerumani, umekaa kwako, inakuja barua kutoka anwani usiyoijua inasema ni mimi yule yule, naomba hela. Ndo utapeli wenyewe ulivyo! Wanaingia katikati, wanajifanya mfanyabiashara wako, anwani inafanana na ya kweli, akaunti ya benki ndo mpya. Wengi wakanyamaza. Mzee mmoja aliyekuja na mke wake 2018 akanitafuta Wasap, hakupiga kelele, akauliza swali moja, mpishi wetu alikuwa anaitwa nani. Nikamtajia, nikaongeza na kwamba alikuwa anatia tangawizi kwenye kila kitu mpaka kwenye uji. Akatuma kicheko, jioni akalipa.

Toka hapo nikageuza. Niliwaandikia wote kutoka anwani ya ZAMANI, ile wanayoijua, nikawaambia kuanzia mwezi fulani mtaona barua kutoka anwani hii, akaunti ya benki ni ile ile haijabadilika hata tarakimu, mkiwa na wasiwasi nipigieni. Usibadilishe imeili na benki kwa mpigo, hata kama umehama na benki kweli, subiri. Na ile ya zamani nikaitegesha ifowadi kila kinachoingia kwenda mpya, na huko mpya vinavyopitia mlango wa nyuma vinapakwa rangi nyekundu ili nijue nani bado. Nikimjibu namjibu kutoka mpya. Mwanzoni boksi lilikuwa jekundu tupu kama nyanya. Mwaka ulipoisha nyekundu zimebaki matangazo na wazee wawili ambao nadhani wataniandikia huko mpaka waondoke duniani, na mimi nitawasubiri huko huko.

Orodha ya sehemu za kubadilisha niliiandika kwenye daftari la kozi, ikajaza kurasa tatu. Kodi, leseni ya utalii, benki, bima, mawakala wa tiketi, tovuti za watu kutoa maoni, shule ya watoto. Kila nikidhani nimemaliza linatokea lingine. Gari tulibandua stika kwa kisu cha jikoni. Fulana za wapagazi ndo zimenishinda, kuna mmoja bado anapanda na ya 2014, imechanika bega ila anwani inasomeka kama imechapwa jana, nikamwambia nikupe mpya akasema hii ina bahati mzee, haijawahi kunyeshewa kambi ya Barafu. Nikaacha. Kwa ajili ya fulana yake pia ile ya zamani siifungi, nalipitia boksi kila mwezi, maana Google kwa mfano walitangaza 2023 kwamba akaunti iliyokaa miaka miwili bila kuguswa inaweza kufutwa, na wameshaanza toka Desemba mwaka ule.

Nikanunua na co.tz ya pili yenye jina lililokosewa, bila n. Mke wangu alidhani nimechanganyikiwa. Inaelekeza kwenye ile sahihi. Mwezi uliopita imeleta wageni wawili wa Moshi hapa hapa, Wachaga wenzangu, walioshindwa kuandika jina la mlima wao.

Mke wangu hoja yake ilikuwa nyingine, kwamba bure ni bure, hii tutalipa mpaka lini? Ni kweli, tuseme ukweli, hununui domeini, unaikodi mwaka kwa mwaka, na boksi unalilipia mbali, kampuni kubwa wanachaji dola kadhaa kwa kila mtu kila mwezi. Sisi tuna boksi tatu tu, la kwangu, la kwake na la bukingi, mengine ni majina ya bandia yanayoingia humo humo. Na ukisahau kulipa umekwisha. Usidhani ni sisi wadogo tu, Microsoft wenyewe, Krismasi ya 1999, walisahau kulipia passport.com ambayo Hotmail, imeili yao ya bure, ilikuwa inaitegemea kuingilia, watu wakashindwa kufungua imeili zao mpaka programa mmoja wa Marekani asiye mfanyakazi wao akawalipia dola 35 kwa kadi yake. Sisi tumelipia miaka mitatu kwa mkupuo na tarehe imeandikwa kwa kalamu nyekundu kwenye kalenda ya benki ukutani, chini ya tarehe ya leseni, kwa sababu ile ya kujilipia yenyewe kwa kadi inakwama kadi ikiisha muda na hakuna anayekwambia.

Simwambii kila mtu ahame. Mwanangu yuko chuo, imeili yake ni ya kupokea matokeo na matangazo ya ajira, akae na ya bure, aandike tu namba ya simu iliyo hai na ya mzazi. Gmail ilipoanza tarehe 1 Aprili 2004 ikasema inatoa GB 1 bure, watu walidhani ni utani wa siku ya wajinga, imetusaidia wengi, mimi ndo nimelisha watoto kwa anwani ya bure. Ila ukishaanza kupokea hela za watu kwa jina la biashara, ukaandika imeili kwenye ukuta na gari, hapo hiyo anwani ni sehemu ya mali na lazima ujue nani anaishika. Hata serikalini wana anwani zao za go.tz, na bado unakuta tangazo kwenye mlango wa ofisi limepigwa muhuri kabisa, chini tuma maombi kwa imeili ya bure ya mtu binafsi. Huyo mtu akihama kituo anaondoka na maombi?

Ombi langu kwenu waandishi ni dogo. Andikeni habari moja, ukurasa wa biashara, mkawaulize wauzaji wa domeini kwa nini fomu inamruhusu fundi kujiandika mwenye jina la mteja bila mteja kupata hata meseji. Meseji moja tu ije kwa simu ya mwenye biashara, jina lako limeandikwa fulani, unakubali? Laini ya simu tunaweka mpaka vidole, jina la biashara nzima linaandikwa kwa fundi kimyakimya.

Na nyie wenyewe gazeti lenu lina tovuti, nimeiona, ina domeini yake nzuri kabisa, fupi. Kufungua boksi la barua@ jina hilo ni kazi ya nusu saa kwa mtu wenu wa kompyuta. Akisema hana nywila, mnajua mahali pa kuanzia.

Ile habari ya vumbi nitaituma mkishafuta vilivyojaa humo. Anwani yangu nimeiandika nyuma ya bahasha, safari hii ina n.

Msomaji wenu,
Moshi